UZI: Waya ukikunjwa na kunyooshwa mara kadhaa unakatika. Je, ni jiometria inayoukata?

#1 Mpenda_Vekta
Wakuu, salaam.

Nipo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Kwenye somo la mekanika ya yabisi (vitu vigumu) tumeambiwa jambo ambalo limenikaa kichwani wiki nzima: metali iliyokunjwa ikabaki imekunjwa inaweza kuelezwa kwa hesabu ileile ya nafasi zilizopinda, ile ya Riemann ambayo Einstein aliitumia kwa mvutano. Kasoro zilizomo ndani ya chuma zinasomeka kama mpindo na msokoto wa nafasi yenyewe.

Sasa chukueni waya wa kufungia nondo. Ukunje, unyooshe, ukunje tena mahali palepale. Pale kwenye mkunjo panapata moto, panakuwa pagumu, kisha paap, umekatika. Nje umbo ni lilelile kila unaponyoosha, lakini ndani kuna kitu kimebadilika.

Dai langu: kilichobadilika ni jiometria ya ndani, na kuvunjika kwa yabisi yoyote ni suala la jiometria mwanzo hadi mwisho. Anayepinga alete hoja.

#2 Kijana_wa_Tandika
Nimeweka kambi. Wahandisi njooni huku, msituachie wanasiasa jukwaa lote.

#3 FundiGereji
Mimi sijui Riemann ila waya naujua. Ule mweusi wa kufungia nondo ni laini kwa sababu umepitishwa kwenye moto kiwandani. Ukishaukunja mara nyingi ukawa mgumu, uweke kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, uuache upoe taratibu, unarudi kuwa laini. Urefu uleule, unene uleule, umenyooka vilevile. Jiometria gani hiyo iliyobadilika kwenye makaa?

#4 MwalimuTensa
Fundi #3 ameuliza swali ambalo liliwatesa wanafizikia miaka ya 1920, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Mwaka 1926 Yakov Frenkel alikokotoa mkazo (nguvu kwa kila kipande cha eneo) unaotakiwa ili tabaka zima la atomu kwenye fuwele, yaani mpangilio wa atomu wenye safu zilizopangika, liteleze juu ya tabaka la chini yake kwa mpigo mmoja. Kwa chuma hesabu yake inatoa kama GPa 13 (gigapaskali, yaani MPa 13,000). Nondo ya kawaida inaanza kukunjika kwenye MPa 500 hivi, na fuwele moja ya chuma safi inateleza kwa mkazo mdogo zaidi ya huo kwa mbali. Metali halisi ni dhaifu mno kuliko hesabu inavyosema.

Mwaka 1934 G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mtu kivyake, walitoa jibu moja. Tabaka halitelezi lote kwa pamoja. Linateleza kipande baada ya kipande, na mpaka kati ya sehemu iliyokwisha kuteleza na ile ambayo bado ni mstari unaotembea ndani ya fuwele. Mstari huo ndio dislokesheni.

Utaujuaje kama upo? Tembea juu ya atomu: hatua 5 kulia, 5 juu, 5 kushoto, 5 chini. Kwenye fuwele isiyo na kasoro unarudi ulipoanzia. Ukiwa umezunguka dislokesheni, hurudi. Inabaki nafasi ya atomu moja. Pengo hilo ndilo vekta ya Burgers, kutokana na Johannes Burgers aliyelieleza mwaka 1939.

Hapo ndipo jiometria inaingia. Kuna namna mbili za nafasi kukudanganya ukizunguka. Ya kwanza ni mpindo. Simama Nanyuki kwenye ikweta, shika fimbo ielekee kaskazini. Nenda hadi ncha ya kaskazini bila kuigeuza fimbo, shuka kwa longitudo iliyo nyuzi 90 mashariki yako hadi ikweta kule visiwa vya mashariki ya Indonesia, kisha rudi Nanyuki kwa kufuata ikweta. Fimbo hukuizungusha hata mara moja, lakini sasa inaelekea mashariki. Ya pili ni msokoto: fimbo inabaki na mwelekeo wake, ila njia haifungi. Hatua zako zote ni sahihi na bado hujafika ulipoanzia. Dislokesheni ni hiyo ya pili.

Kuhusu makaa: moto unazipa atomu nguvu ya kuhama, mistari mingi inakutana na kufutana. Sentimita moja ya ujazo ya metali iliyolainishwa kwa moto inaweza kuwa na mamia ya kilomita za mistari hiyo. Ikikunjwa na kupondwa sana inafika mamilioni ya kilomita. Mwezi uko kilomita 384,000 kutoka hapa tulipo.

#5 Wa_Laikipia
Nanyuki imetajwa kwenye hesabu, leo nimelala vizuri. Watalii wanapigwa picha pale kwenye bango kila siku na hakuna anayewaambia mambo ya fimbo.

#6 Kalamu_Nyeusi
Mtoa uzi, nikurekebishe kidogo kwenye #1. Jiometria ya Riemann ambayo Einstein aliitumia mwaka 1915 haina msokoto kabisa, ina mpindo tu. Msokoto aliuleta Élie Cartan, Mfaransa, mwaka 1922. Na jambo tamu ni hili: mwaka 1928 Einstein alijaribu kuunganisha mvutano na sumakuumeme kwa nafasi isiyo na mpindo ila yenye msokoto, akaandikiana barua na Cartan kwa muda mrefu. Kwa ulimwengu jaribio lile halikufika mbali. Lakini nafasi yenye msokoto bila mpindo ndiyo hasa fuwele iliyojaa dislokesheni. Hesabu ilikosa kazi angani, ikaipata kwenye chuma.

#7 MwalimuTensa
#6 asante, sahihi kabisa. Niongeze waliofunga daraja hilo: Kazuo Kondo huko Tokyo mwaka 1952, kisha Bilby, Bullough na Smith wa Sheffield mwaka 1955, ambao walionyesha kwamba msongamano wa dislokesheni ni msokoto wa Cartan wenyewe. Ekkehart Kröner wa Stuttgart akaendeleza mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950.

#8 Zuhura_Miundo
Salaam wote. Mimi ni mhandisi wa miundo na sikubaliani na mtoa uzi hata kidogo. Hiyo jiometria inakuambia kasoro ziko wapi. Haikuambii lini kitu kitavunjika. Ni daftari la stoo: linaorodhesha kilichomo, halitoi amri.

Anayeamua kuvunjika ni nishati. A. A. Griffith mwaka 1921 alitaka kujua kwa nini kioo kinavunjika kwa mkazo mdogo kuliko nguvu ya atomu zake. Akasema ufa unapokua, yabisi inaachia nishati ya unyumbufu iliyokuwa imehifadhi, lakini inalipa nishati ya kutengeneza nyuso mpya mbili. Ufa ukiwa mfupi, malipo yanazidi mapato, unatulia. Ukipita urefu fulani mapato yanazidi, hapo haurudi nyuma. Akavuta nyuzi za kioo nyembamba sana akazipima, na kadiri zilivyokuwa nyembamba ndivyo zilivyokuwa na nguvu, kwa sababu uzi mwembamba hauna nafasi ya ufa mrefu.

Hapo hakuna msokoto wa Cartan. Kuna bajeti ya nishati.

#9 Mpenda_Vekta
Dada Zuhura, lakini Inglis mwaka 1913, kabla ya Griffith, alionyesha umbo la tundu ndilo linaloamua mkazo. Tundu la duaradufu linazidisha mkazo kwa 1 + 2a/b, a ikiwa nusu ya urefu wa tundu na b nusu ya upana. Duara kamili mara 3. Tundu refu mara 50 kuliko upana wake, mara 101. Hiyo siyo jiometria?

#10 Zuhura_Miundo
Ni jiometria ya nje, ya umbo la tundu. Wewe kwenye #1 ulidai jiometria ya ndani. Usihamishe goli. Na fomula ya Inglis ukiipeleka kwenye ufa wenye ncha kali kabisa inasema mkazo hauna kikomo, yaani kila kitu chenye ufa wowote kingevunjika kwa kuguswa tu. Griffith ndiye aliyetutoa hapo.

#11 FundiGereji
Hilo la duara mara 3 tunalitumia bila fomula. Chesesi ya lori ikipata ufa, ukichomelea juu juu tu ufa unaendelea chini ya weldi. Kinachofanyika: safisha kwa msasa, pakaza mafuta ya taa, subiri yaingie, futa pakauke kabisa, kisha nyunyiza vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanapanda, yanachora mstari kwenye chaki, na utaona ufa ni mrefu kuliko ulivyodhani kwa macho. Mbele kidogo ya mwisho wa ule mstari ndipo unatoboa kitundu cha duara. Ufa ukifika kwenye tundu unakosa ncha. Halafu ndiyo uanze kazi ya kuchomelea.

Wengi wanatoboa pale macho yanapoona mwisho. Ufa tayari umepita, unakutana nao upande wa pili.

#12 Kijana_wa_Tandika
Fundi #11, hii ya chaki na mafuta ya taa ni elimu tosha. Nimeihifadhi.

#13 Rubani_Mstaafu_Mtarajiwa
Mfano mkubwa wa kona kali ni Comet, ile ndege ya abiria ya jeti ya Uingereza. Madirisha yalikuwa ya mraba, kona zikapasuka, ndege zikasambaratika angani mwaka 1954. Ndiyo maana madirisha ya ndege leo ni ya mviringo.

#14 Kalamu_Nyeusi
#13 tuiweke sawa. Zilianguka mbili mwaka ule: moja tarehe 10 Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine tarehe 8 Aprili karibu na Naples. Kwenye mabaki ya ile ya Elba, mpasuko ulianzia juu ya paa, kwenye matundu ya dirisha la antena, karibu na tundu la ribiti. Siyo kwenye dirisha la abiria. Ila kona zilichangia mkazo, hilo kweli. Wachunguzi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine wakaiweka ndani ya tangi la maji, wakawa wanaijaza presha na kuipunguza kama vile inapaa na kutua. Ilipasuka ikiwa na jumla ya safari 3,057, nyingi zikiwa za humo tangini.

Na kwetu ina historia. Safari ya kwanza ya abiria ya Comet, tarehe 2 Mei 1952, ilikuwa London hadi Johannesburg, na kati ya vituo vyake kilikuwepo Entebbe.

#15 Wa_Laikipia
Entebbe 1952! Wazee wa pale Uganda wenye kumbukumbu wafufuke humu.

#16 Meli_na_Bahari
Mnaweza kuongeza Liberty, meli za mizigo za Marekani za vita vya pili. Zilichomelewa badala ya kupigwa ribiti, zikawa zinakatika katikati. Meli ya Schenectady ilikatika ikiwa imefungwa gatini, bahari shwari.

#17 Zuhura_Miundo
#16 Schenectady haikuwa Liberty, ilikuwa meli ya mafuta aina ya T2. Ilikatika Portland, Oregon, Januari 1943, usiku wa baridi. Na weldi ilisingiziwa kuliko inavyostahili. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma kile kilikuwa kinageuka kuwa cha kuvunjika kama kioo kikipoa chini ya kiwango fulani cha joto. Weldi ilichofanya ni kuiunganisha meli yote kuwa bamba moja, kwa hiyo ufa ukianza haukuti ukingo wa kusimamia.

Mtoa uzi, niambie jiometria yako inaionaje baridi.

#18 Atomu_Moja_Moja
Naingia upande ambao haujaguswa. Mimi nafanya uigaji wa kompyuta wa atomu. Jiometria ya Cartan ina upofu mmoja mkubwa, na waya wa mtoa uzi ndio unaouonyesha vizuri kuliko mfano wowote.

Msokoto ni jumla ya vekta za Burgers zinazopita kwenye eneo dogo. Dislokesheni zenye ishara tofauti, yaani pengo la moja linaelekea kinyume cha la nyingine, zinafutana kwenye hesabu hata kama kwenye metali zipo. Ukikunja waya, upande wa nje unarefuka na wa ndani unafupika, kwa hiyo lazima kuwe na ziada ya dislokesheni za ishara moja. J. F. Nye alithibitisha hilo mwaka 1953: mkunjo wa fuwele na msongamano wa dislokesheni ni kitu kimoja. Sawa. Sasa unyooshe. Mkunjo ni sifuri, jumla ni sifuri, msokoto ni sifuri. Kwa mujibu wa jiometria waya umerudi kuwa mpya.

Lakini hauko mpya. Umejaa mistari iliyonaswa kwa jozi na mafundo, ndiyo maana ni mgumu, na ndiyo maana mkunjo wa sita au wa ishirini utaukata. Jiometria inahesabu salio. Waya unakufa kwa miamala.

#19 Mpenda_Vekta
#18 hii ni hoja nzito kuliko zote. Mwalimu #4 unasemaje?

#20 MwalimuTensa
Hoja ya #18 ni ya kweli na kila anayefanya kazi hii anaijua. Zile za salio tunaziita za lazima kijiometria, na zile zilizonaswa ovyo ni za kitakwimu. Lakini #8 asiseme jiometria ni daftari tu, kwa sababu ilitabiri jambo ambalo nadharia ya kawaida haikuliona.

Mwaka 1994 Fleck, Muller, Ashby na Hutchinson walichukua nyaya za shaba nyembamba, kipenyo kuanzia mikromita 170 hadi 12. Walipozivuta moja kwa moja, nyembamba na nene zilifanana karibu kabisa. Walipozinyonga, zile za mikromita 12 zilionyesha ugumu wa kama mara tatu ya zile za 170, baada ya kurekebisha ukubwa. Shaba ileile!

Nadharia ya kawaida haina urefu wowote ndani yake, haijui waya mwembamba na mnene ni tofauti. Jiometria inajua. Ukivuta, kila sehemu inarefuka sawa, hakuna pengo la kuziba. Ukinyonga, katikati hapasogei na pembeni panasogea sana, na tofauti hiyo lazima ibebwe na dislokesheni za salio. Waya ukiwa mwembamba, tofauti ileile imebanwa kwenye umbali mfupi, mistari inasongamana, metali inakuwa ngumu.

#21 Atomu_Moja_Moja
Hilo la nyaya za shaba nalikubali. Linaeleza ugumu kwa kipimo kidogo. Kukatika bado halijaelezwa.

#22 Mswahili_wa_Muscat
Salaam alaikum. Niko Oman, kazi yangu ni ukaguzi wa mabomba ya gesi. Mnazungumza kana kwamba metali iko peke yake duniani. Gesi yetu nyingine ina haidrojeni salfaidi. Bomba linakuwa na presha ya kawaida, unene wa kawaida, halikunjwi na mtu, halafu ukipitisha kipimo cha mawimbi ya sauti unakuta nyufa ndani ya ukuta wa bomba. Kilichoingia ni atomu za haidrojeni, ndogo kiasi kwamba zinapenya chuma.

Na wataalamu wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaosema haidrojeni inalegeza vifungo vya atomu kwenye ncha ya ufa. Wapo wanaosema inazirahisishia dislokesheni kutembea, chuma kinateleza sana mahali padogo mpaka kinachanika. Bomba moja, nyufa zilezile, maelezo mawili yanayopingana. Kwa hiyo kabla ya kusema jiometria ndiyo au nishati ndiyo, ulizeni kwanza kuna nini kwenye hewa na maji yanayogusa chuma.

#23 FundiGereji
#22 wa alaikum salaam. Ndiyo maana vijiti vya kuchomelea vya kazi nzito vinakaushwa kwanza kwenye oveni. Vikiwa na unyevu, weldi inapendeza leo, kesho asubuhi ina ufa.

#24 Mswahili_wa_Muscat
Umepatia, fundi. Unyevu ndio unaoleta haidrojeni kwenye weldi.

#25 Hesabu_Tupu
Kuna tatizo la msingi zaidi upande wa hisabati. Jiometria hii inadai vitu viwe laini, yaani uweze kuchukua derivativu (kasi ya badiliko) kila mahali. Kwenye ufa hakuna derivativu: upande huu wa ufa umehamia huku, upande ule kule, katikati hakuna kitu. Chombo kinavunjika palepale maada inapovunjika.

Stewart Silling wa maabara ya Sandia, Marekani, mwaka 2000 aliamua kuziacha derivativu kabisa. Kwenye nadharia yake, peridinamiki, kila chembe inavutana na majirani zake walio ndani ya umbali fulani, unajumlisha tu. Kifungo kikivutwa kupita kiasi kinakatwa. Ufa unatokea wenyewe bila kuuwekea kanuni ya pembeni. Upande mwingine Francfort na Marigo mwaka 1998 waliirudia bajeti ya Griffith na kuiacha hesabu ichague ufa upite wapi. Njia iliyotokana nayo inautia ufa ukungu kidogo, unakuwa ukanda mwembamba ambao maada inafifia kutoka nzima hadi kuharibika.

#26 MwalimuTensa
#25 nakubali kuhusu ncha ya ufa. Ila wanajiometria hawajakaa kimya. John Clayton wa maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani anatumia jiometria ya Finsler, ambamo kipimo cha umbali hakitegemei mahali tu, kinategemea pia vekta inayoeleza hali ya ndani ya maada pale. Ufa ukianza kufunguka, vekta hiyo inakua na nafasi yenyewe inatanuka nayo. Kwa hiyo kuvunjika kunaingizwa ndani ya jiometria badala ya kubandikwa pembeni.

#27 Zuhura_Miundo
Na hiyo vekta inakua kwa kanuni gani? Kwa kupunguza nishati. Tunarudi kwa Griffith kupitia mlango wa nyuma.

#28 Wa_Laikipia
Naomba kuchomekea: bati la mgongo wa mawimbi, nguvu yake ni jiometria au ni nini? Maana bati bapa linajikunja lenyewe ukilishika pembeni.

#29 Kalamu_Nyeusi
#28 hilo ni jiometria waziwazi. Gauss mwaka 1827 alithibitisha kwamba uso bapa ukikunjwa bila kuvutwa, mpindo wake unabaki sifuri: ukishapinda kwa upande mmoja, upande wa pili lazima ubaki umenyooka. Bati lenye mawimbi limekwisha kupinda kwa upana, kwa hiyo kwa urefu linakataa kupinda mpaka ulilazimishe kuvutika, na kuvuta chuma ni kazi ngumu kuliko kukikunja. Henry Robinson Palmer alipata hakimiliki ya bati hilo London mwaka 1829, miaka miwili tu baadaye. Ukilikanyaga katikati ya papi mbili likabonyea, ujue hapo limevutika, halirudi.

#30 Mpenda_Vekta
Asanteni wote, nimepata mengi. Bado nasimama na jiometria, ila ya #18 sijaipatia jibu. Ninachotaka kujaribu: kukunja na kunyoosha waya wa chuma idadi tofauti za mara, kisha kupima ugumu kila hatua, nione kama ugumu unaendelea kupanda mpaka dakika ya kukatika au unasimama kabla.

#31 Atomu_Moja_Moja
Kwa kawaida unapanda, kisha unakaribia kusimama. Baada ya hapo mtelezo unajikusanya kwenye mikanda myembamba, uso unaota vijongo na vijifereji, na ufa unaanzia humo. Ewing na Humfrey walishaiona mistari hiyo ya mtelezo kwa hadubini mwaka 1903 kwenye chuma cha Sweden. Usiishie kupima ugumu. Ng'arisha uso wa waya kabla ya kukunja, uangalie kwa hadubini kila baada ya mikunjo michache.

#32 FundiGereji
Swali langu moja halijajibiwa. Kwenye #1 umesema waya unapata moto. Ule moto unatoka wapi, na je, kazi yote ya mkono wangu inaishia kwenye moto?

#33 MwalimuTensa
Karibu yote, fundi. Taylor na Quinney walipima mwaka 1934: kama asilimia 90 ya kazi ya kukunja inatoka kama joto. Inayobaki inakaa ndani ya metali, kwenye ile mistari.

#34 Zuhura_Miundo
Hiyo inayobaki ni nishati iliyohifadhiwa. Hesabu yangu inaanzia hapo.

#35 MwalimuTensa
Imehifadhiwa kwenye nini, dada Zuhura? Kwenye kutolingana kwa vipande vya fuwele. Nami naanzia palepale.

#36 Mswahili_wa_Muscat
Mtoa uzi, ukifanya jaribio lako, kunja waya mmoja mkavu na mwingine ukiwa ndani ya maji ya chumvi. Utuletee majibu ya yote mawili.